Baba alikata miti, akatugawia sawa: mimi nikaenda Mlimani, mdogo wangu akaenda Kariakoo

Mtu wa Makete (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Kilichonifanya niumalize leo ni neno nililolisikia juzi msibani, huku nyumbani Makete. Mzee mmoja alikuwa anawaasa vijana, akasema, "Msihangaike na vyuo vikubwa. Watazameni hawa ndugu wawili." Akatunyooshea kidole mimi na mdogo wangu. Alimaanisha kwamba mimi nina digrii ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mdogo wangu ana hela, basi mwenye macho na aone. Mimi nilinyamaza. Mdogo wangu ndiye aliyekasirika, mpaka akainuka pale kwenye turubai. Alikasirika kwa sababu ambayo yule mzee hana habari nayo, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Baba yetu alikuwa na ekari nne za miti ya mbao. Aliyetoka Njombe, Makete au Mufindi anajua maana yake. Ile miti ndiyo benki yetu. Unaipanda mtoto akiwa mgongoni, unaipalilia, unailinda na moto wa kiangazi, na siku mtoto akifaulu unaikata. Mwaka 2010 mimi nilichaguliwa Mlimani kusoma biashara, upande wa uhasibu. Mdogo wangu alikuwa amepata daraja la nne kidato cha nne mwaka uliotangulia, yuko Kariakoo dukani kwa mjomba, anauza mabegi bila mshahara. Hiyo ni desturi yetu Wakinga: unamtumikia ndugu miaka kadhaa, unaijifunza biashara kwa macho, halafu siku moja anakwambia sasa kasimame mwenyewe.

Baba aliamua miti ikatwe yote. Ilikuwa bado michanga, ilihitaji miaka mingine mitano, na mnunuzi alijua tuna shida, kwa hiyo bei aliipanga yeye. Ekari nne zikatoka kwa milioni 4 na laki 6. Baba akazihesabu mezani mara mbili, akazigawa katikati. Milioni 2 na laki 3 zangu, za chuo. Milioni 2 na laki 3 za mdogo wangu, akazikabidhi kwa mjomba zimsubiri mpaka aonekane ameiva. Akasema, "Sitaki mmoja wenu aje aseme nilimpenda mwenzake."

Sasa mjue Mlimani kwa mtu wa rika la baba yangu ni kitu gani. Chuo kile kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wa kuenea darasa moja. Kikahamia mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Miaka ile aliyehitimu alikuta kazi inamsubiri, kwa sababu nchi haikuwa na watu. Baba alikua akiwaona hao: bwana shamba mkuu, mganga mkuu, meneja wa shirika la umma, wanashuka kwenye Land Rover na kijiji kizima kinasimama. Kwa hiyo alipokata miti yake alikuwa ananunua kitu alichokiona mwaka 1975, na amekilipia mwaka 2010. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyefika kijijini kumwambia kwamba kitu chenyewe kimebadilika.

Nilisoma. Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu, nyingine ilitoka kwenye miti. Nilikaa hosteli ya Mabibo, nilikula kwa bumu, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa nililala na njaa kama wengine. Nilimaliza na GPA ya 3.8, daraja la pili la juu. Novemba 2013 baba alipanda basi kuja kwenye mahafali, akavaa koti alilooa nalo. Picha ile iko ukutani nyumbani mpaka leo na siyo mimi niliyeitundika.

Halafu ikaanza sehemu ambayo hakuna aliyetufundisha darasani, yaani kusubiri.

Kusubiri kuna gharama, wakuu. Kila bahasha ya kaki ina nakala za vyeti, na nakala zinataka muhuri wa wakili. Kuna nauli ya kwenda na nauli ya kurudi. Usaili ukiwa Dodoma unalala gesti usiku mmoja au miwili. Shati lazima liwe jeupe na kiatu kisiwe kimeng'oka soli. Mhasibu asiye na CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, anaambiwa arudi akishaipata, na mitihani ya CPA ina ada ya usajili na ada ya kila somo. Na muda wote huo unakula kwa nani? Mimi nilikuwa nalala ukumbini kwa ndugu, Manzese, kwenye kochi, na kila nikisikia watoto wanaamka kwenda shule nilikuwa najiona nimekalia nafasi ya mtu.

Rafiki niliyekaa naye chumba kimoja Mabibo alikuwepo Uwanja wa Taifa Juni 2014, siku watu zaidi ya 10,000 walipofanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Alirudi jioni akaniambia kwamba alipokaa jukwaani na kutazama upande wa pili, alielewa jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kulieleza. Na hali haijalegea. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027.

Sasa sikilizeni hiki, maana ndicho kiini. Nilikuwa na mwenzangu wa kundi moja la majadiliano, dada mmoja mchapakazi kweli. GPA yake ilikuwa 3.6. Kwao ni Mbezi Beach. Alipomaliza alikwenda kujitolea kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, akapewa nauli tu, mwaka mzima na miezi miwili. Alilala kwao, alikula kwao, baba yake alilipia mitihani ya CPA. Mwaka 2016 alikuwa ameshaipata na ameajiriwa. Leo ni mkuu wa fedha mahali pakubwa, na anastahili kabisa. Ile nafasi ya kujitolea na mimi niliipata, kampuni hiyohiyo, wiki ileile. Nilikwenda siku tisa. Siku ya kumi sikuwa na nauli ya kutoka Manzese mpaka mjini.

Cheti kilikuwa kimoja, chuo kimoja, na mimi nilikuwa mbele yake kwa alama. Kilichotutofautisha ni kwamba kwao kulikuwa na fedha ya kusubiri na kwetu miti ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo nikiulizwa digrii ya chuo chenye jina na fedha kipi kina thamani zaidi, nasema swali limekaa vibaya. Digrii ile ni kama mbegu nzuri ya ghali. Asiye na mvua ya msimu mmoja mbele yake itamwozea mkononi, na watu watasema mbegu ilikuwa mbovu.

Nikaenda Kariakoo. Mdogo wangu wakati huo mjomba alishamkabidhi zile hela, akaanza na meza ya nje, mwaka 2015 akapata fremu ndogo mtaa wa Narung'ombe baada ya kulipa kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, kilichomtoa jasho. Alinipa elfu kumi kwa siku na chakula. Nilipanga mabegi. Niliita wateja. Kuna siku alipita mtu aliyesoma nami, nikainama chini ya meza nikijifanya natafuta zipu. Hilo nalisema kwa sababu najua wapo humu wanaoinama leo.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kuagiza mzigo China, anachanganya kontena na wenzake. Jioni moja aliniomba nimsomee karatasi za wakala wake wa forodha. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, tarakimu ndogondogo. Nilisoma mara ya kwanza nikadhani nimekosea. Nikamwambia alete za mzigo uliopita, na za ule wa kabla yake. Gharama za kuhifadhi mzigo alikuwa analipishwa mara mbili, kwa majina mawili tofauti, kila safari. Safari tatu zilikuwa zimemla milioni 6 na laki 8.

Hakusema kitu. Alikwenda akashusha shata, na ilikuwa saa nane mchana, saa ya biashara. Akakaa juu ya furushi. Baadaye akasema, "Kaka, hiyo ni zaidi ya miti yote ya baba."

Toka siku ile hajasaini karatasi ambayo sijaisoma. Na mwezi uliofuata akanipa bahasha, akasema, "Kasubiri sasa. Mimi nitakuwa Mbezi Beach yako." Alilipia mitihani yangu yote ya CPA, miaka miwili na nusu, na hakuwahi kunikumbusha. Leo nina ofisi yangu ya mahesabu, chumba kimoja, wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo. Hela yangu haifikii yake, wala haikaribii. Lakini yule mzee msibani alipotunyooshea kidole, mdogo wangu alisikia anaambiwa kwamba wizi ule wa milioni 6 na laki 8 ulijigundua wenyewe.

Karibuni tuzungumze.

Dogo wa Mbagala

Mkuu umeandika mpaka nimetulia. Ila niruhusu nipinge. Said Salim Bakhresa aliacha shule ana miaka 14 akaanza na mchanganyiko wa viazi, leo wenye digrii za Mlimani wanapanga foleni getini kwake. Hela inaajiri digrii. Sijawahi kuona digrii inaajiri hela. Mdogo wako angetafuta mhasibu yeyote, hata wa diploma, karatasi zingesomwa na hiyo milioni 2 na laki 3 yako ingeongeza mtaji.

Mtu wa Makete (mleta uzi)

Dogo, nakuheshimu, na la Bakhresa ni kweli tupu. Lakini huyohuyo unayemsema, wangapi waliuza viazi mwaka ule barabara ileile na leo hatuwajui? Tunawahesabu waliofika. Mohammed Dewji alirithi biashara ya baba yake, na bado baba yake alimpeleka Georgetown, Marekani. Marehemu Reginald Mengi, yule mfanyabiashara, alisomea uhasibu Uingereza, akafanya kazi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu miaka mingi, ndipo akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Nimewataja si kwa sababu digrii iliwatajirisha. Nimewataja uone kwamba mwenye hela akishaipata, shule haiachi.

Na kama humwamini mwenye viwanda, mwamini mchimbaji. Juni 2020, Saniniu Laizer wa Simanjiro aliuza mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.74. Moja lilikuwa na kilo 9 na ushei, jingine 5 na ushei. Yeye mwenyewe hakusoma. Waandishi walipomuuliza atafanya nini na hela ile, alitaja jengo la biashara na shule karibu na kwake. Mtu ambaye bilioni zimemfikia bila cheti, shule ikaingia katika mambo mawili ya mwanzo kinywani mwake. Mimi hilo nimelifikiria sana.

Kuhusu mhasibu yeyote: mdogo wangu alikuwa na mtu wa mahesabu. Aliletwa na wakala yuleyule.

Ticha wa Unyamwezini

Naomba na sisi walimu tusikike, maana mjadala wa namna hii hutukuta tumewekwa kwenye kundi la walioshindwa.

Nina digrii ya ualimu kutoka Mlimani. Mshahara wangu unajulikana, sina haja ya kuutaja. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016; kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Namshukuru Rais Samia, mwaka 2021 aliondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani, maana deni lilikuwa linazaa kila nikilala. Hata hivyo mwezi wangu unaisha tarehe 12.

Lakini mama yangu alipopasuliwa, bima ililipa. Siku hiyo jirani yangu mwenye mashine mbili za kukoboa, ambaye kwa hela ananizidi mara nyingi, alikuwa wodi ileile na baba yake, anauza mashine moja kwa simu. Sikufurahia. Nilikaa naye mpaka usiku. Ila nilijifunza kwamba mshahara mdogo unaokuja kila mwezi, wenye bima na mafao, ni fedha ya aina nyingine ambayo hatuihesabu tunapolinganisha.

Jingine. Mnakumbuka Aprili 2017, watumishi 9,932 walipoondolewa kwa vyeti vya kughushi. Shuleni nilipokuwa alikuwepo mmoja. Alikuwa anafundisha hisabati kuliko sisi wote wenye vyeti halali, na watoto walilia alipokusanya vitu vyake. Sitetei kughushi. Nasema tu, watu karibu elfu kumi waliona karatasi ile ina thamani kiasi cha kuhatarisha maisha yao yote kwa ajili yake. Anayesema digrii ni karatasi tu, awaulize wale.

Nipo Minnesota

Salamu kutoka kwenye theluji. Mimi pia ni zao la Mlimani. Nililetwa huku na ndoa, si masomo. Miaka miwili nilibeba maboksi ghalani, zamu ya usiku. Msimamizi wangu hakujua Dar es Salaam iko wapi, seuze Mlimani. Kwa hiyo wanaosema jina la chuo linatembea duniani, hapana, linatembea mpaka mahali fulani. Kampala wanalijua vizuri, Rais wao Museveni alihitimu pale mwaka 1970. Huku nilikuwa mtu mwenye mikono miwili.

Ila nilipoomba kusoma uzamili walitaka matokeo yangu yatathminiwe, yakatathminiwa, yakakubaliwa moja kwa moja. Wenzangu pale ghalani, wengine wana akili kunizidi, walitakiwa waanze chini kabisa, na kwa umri wetu na watoto wengi hawakuanza. Mlango ule hela yangu ya maboksi isingeufungua. Na pia bila hela ya maboksi nisingelipa ada. Mleta uzi ameniandikia maisha yangu.

Mzee wa Ukonga

Wanangu, mimi nina miaka 78. Niwape kisa ambacho wengi wenu mmekisikia nusu.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana mpaka Ikulu kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyopewa, pamoja na makato ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza. Halafu akawarudisha vijijini kwao, wanafunzi 393. Siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi nilikuwa kijana, nilisikia habari ile redioni, na nyumba nzima ilinyamaza.

Miaka miwili kabla yake Mwalimu alikuwa ameshatoa mfano wake wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wanamkusanyia mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila akaondoka asirudi, huyo ni msaliti. Mfano ule ulikuwa juu ya wasomi.

Mimi ninaposoma hapa naona mnauliza digrii inamlipa nini mwenyewe. Wakati wetu swali lilikuwa kijiji kilipata nini. Baba wa mleta uzi alikata miti ya ekari zote nne, akabaki na visiki. Yeye alilipwa nini?

Mtu wa Makete (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Swali lako limenikalisha, nimechukua siku mbili kulijibu.

Baba alifariki mwaka 2019. Kabla hajafariki tulipanda tena zile ekari nne, mdogo wangu alinunua miche, mimi nilisimamia. Aliiona ikiwa imefika magotini. Kwa hiyo kwa hesabu ya mbao hakulipwa.

Lakini kuna jambo moja. Mwaka 2017 kulikuwa na mtu kutoka mjini aliyekuja kijijini na mkataba wa kukodi mashamba ya watu ya kupanda miti, miaka 33, kwa bei ambayo watu waliifurahia sana. Wazee kadhaa walishaweka dole gumba. Baba alikataa, akasema, "Mpaka mwanangu wa Mlimani asome." Nilitumiwa picha za mkataba kwa simu, nikausoma fremuni nikiwa nimezungukwa na mabegi. Kulikuwa na kifungu kinachosema mkataba ukiisha, mkodishaji anatakiwa kulipa gharama za maendelezo yote ndipo arudishiwe shamba lake. Nani angelipa? Niliwapigia simu, baba akaitisha watu pale ofisi ya kijiji, wakakataa. Walioweka dole waliweza kujitoa kwa sababu mkutano wa kijiji haukuwa umeidhinisha.

Baba alinipigia jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelipwa. Mzee, sijui kama hilo linatosha kwa kijiji kizima kilichonichangia nauli ya kwanza kwenda Dar. Bado nalipa.

Mama wa Vitumbua

Samahanini. Mimi siyo msomi, binti yangu wa kidato cha pili ndiye anayeniandikia. Nauza vitumbua na chapati Morogoro. Nimesomewa uzi huu wote.

Mwanangu yuko Mlimani mwaka wa pili, uhandisi. Baba yake hayupo. Wiki iliyopita ameniambia anataka kuacha. Anasema rafiki zake waliomaliza wako mtaani, bora achukue bodaboda ya mkataba, na akipata hela ya kuanzia ananunua yake moja kwa moja. Mimi kwenye kikoba nina milioni moja na laki tisa, nilitaka niezeke nyumba. Anaitaka hiyo. Anasema nimpe sasa, nisiitupe kwenye chuo. Nimeomba, sijapata jibu. Kaka wa Makete, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

Mtu wa Makete (mleta uzi)

Shikamoo mama yangu. Naomba radhi kama nitasema kwa urefu, na binti akusomee polepole. Hongera kwake kwa mwandiko mzuri.

Kwanza, usimjibu bado kuhusu hela. Mpigie umuulize swali moja tu: chuo kinamshinda, au ana njaa? Namaanisha njaa ya kweli, ya tumbo. Mimi mwaka wa pili nilitaka kuacha, na nilikuwa na hoja nzuri sana za kumweleza baba, za ajira na uchumi. Zote zilikuwa njaa. Bumu lilikuwa limechelewa wiki tano.

Kama masomo yanamshinda, kuna utaratibu wa kuahirisha mwaka kwa ruhusa ya chuo. Auandikie uongozi, apewe barua. Akiondoka kimyakimya nafasi inapotea na deni la mkopo linabaki. Hilo ashike sana.

Pili, bodaboda haiondoki duniani. Akimaliza chuo ataikuta. Nafasi ya uhandisi Mlimani akiiacha leo hataikuta. Na mkataba wa boda, mama, uhesabu kwa kalamu: unalipa tajiri kila siku, mvua inyeshe, uumwe, ikamatwe, na ukimaliza unakuwa umelipa zaidi ya bei ya pikipiki mpya, na uliyobakiwa nayo imechoka. Sisemi ni kazi mbaya. Ndugu zangu wanaifanya na wanasomesha.

Tatu, hiyo milioni moja na laki tisa. Usiitupe kwenye chuo na usimpe ya pikipiki. Nyumba iezeke ukiweza kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo ile niliyoikosa mimi. Iwekee jina: fedha ya kusubiri. Mhandisi akimaliza anajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anaingia kwenye mafunzo ya vitendo chini ya wahandisi wazoefu, miaka kama mitatu, ndipo anasajiliwa mhandisi kamili. Mwanzo wa njia hiyo ndipo watoto wetu wanapoangukia, kwa kukosa nauli na chumba cha kulala. Hela yako inaweza kumshika miezi kumi na miwili akiishi kwa kubana. Watoto wa Mbezi Beach wanayo bila kujua wanayo. Wa kwako atakuwa nayo kwa sababu mama yake aliamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua.

Nne, likizo asikae. Akifika Dar aje Kariakoo. Mdogo wangu amesoma ujumbe wako, amesema ana kazi ya kupanga mzigo na atamlipa kwa siku.

Dogo wa Mbagala

Mama, mimi ndiye niliyepinga pale juu. Naendesha boda ya mkataba mwaka wa pili huu. Asiache chuo.

Mama wa Vitumbua

Nimempigia jana usiku. Nimemuuliza kama ulivyosema. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Ni njaa. Siku nne alikuwa anakunywa chai na maandazi mawili, hakutaka nijue kwa sababu ya mambo ya nyumba.

Nimemtumia elfu thelathini. Ile nyingine leo asubuhi nimekwenda kwa mweka hazina wa kikoba, nimemwambia aiandike ukurasa wake peke yake, na asinipe kabla ya mtoto kumaliza hata nikija nalia.